Mkamwana Yuko Zamu

Walburga aliyatambua makatambuga ya tairi kabla hajamtambua mwenyewe. Yalikuwa chini ya kitanda cha dirishani, la kushoto limeshonwa kwa kamba nyekundu, na kamba ile aliishona Hyasinti, mumewe, akiwa amekaa kizingitini mwa nyumba yao kule Kitura. Ndipo akainua macho. Aliyeegemezwa kwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi zinakata, miguu imevimba mpaka inang'aa, mirija ya oksijeni puani, alikuwa baba mkwe wake, Mzee Othmar.

"Wamemleta alfajiri kwa pikapu," alisema Jacqueline, nesi aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku. "Moyo umechoka, maji yamejaa mapafuni. Daktari ameanza sindano za kukamua maji. Mumeo yuko nje na baba yake mdogo. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Mimi nimelala hapa mjini, wao wako Kitura."

"Basi ndiyo umejua. Shuka zake hazijabadilishwa, sikuwahi. Na mwenyewe ni wa kuogeshwa." Jacqueline alikuwa ameshavua kofia yake nyeupe na anatafuta kikapu. Kisha akamwangalia mwenzake usoni. "Aa. Mkwe."

"Mkwe."

"Pole, dada. Kwetu Ngumbo nako mkwe ni mkwe. Lakini zamu ni zamu, na mimi macho hayafunguki tena." Akapata kikapu chake, akaenda zake.

Katika nyumba ya Mzee Othmar mkamwana hakatizi mbele ya baba mkwe. Hamtaji jina. Haketi alipoketi yeye, seuze kitandani kwake. Chakula anakiweka, anarudi nyuma, na salamu anaitoa akiwa amepiga magoti nje ya mlango, naye mzee anaitikia huku akiangalia pembeni. Walburga alikuwa amezaa watoto wanne katika nyumba ile, na hata siku moja mkono wake haukuwahi kugusana na wa mzee yule. Wala hakuona kuwa ni mzigo. Alikuwa akimpenda hivyohivyo, kwa mbali, na alijua kwamba anapendwa.

Sasa huyo hapo, amelowa, na chumba kizima kina nesi mmoja.

Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda vinne na mtungi mmoja wa oksijeni. Kwenye kibao cha mlangoni paliandikwa kuwa ni cha wagonjwa mahututi, lakini watu wa Mbinga walikiita Stendi, kwa sababu, walisema, ukishafikishwa pale unangoja safari tu. Zamani wanaume waliogeshwa na Nazari, mhudumu mwenye mikono mikubwa na nyimbo za kanisani zisizokwisha. Nazari alipunguzwa kazi serikali ilipoanza kupunguza watu, akapewa mkono wa kwaheri, siku hizi anauza mafuta ya taa sokoni. Ikabaki zamu moja, nesi mmoja, na mgonjwa anajinunulia hata glavu.

Hyasinti alikuwa ametumwa kuzinunua hizo glavu. Alirudi na moja. Muuzaji wa duka la dawa alikuwa mwema, akakubali kuivunja jozi.

"Kwani haitoshi?" aliuliza kupitia dirishani, na Walburga akaona jinsi shingo yake ilivyoingia ndani ya koti kwa aibu.

"Inatosha," akasema.

Alivuta pazia, akaweka beseni la maji ya vuguvugu, akavaa ile glavu moja mkono wa kulia. Kisha akasimama. Aliwahi kuwaogesha wengi waliokuwa wanakufa, wengine akiwafumba macho kwa vidole vyake, na mikono haikuwahi kugoma. Leo iligoma. Alijiona ni mjinga, tena mbaya, kumwacha mtu mzima alowe kwa sababu ya adabu. Na kila akinyoosha mkono aliona ni kama anamvua nguo baba wa nyumba yake mbele ya kijiji.

Mzee akafumbua macho.

"Sista," akasema.

Kwa mzee yule Walburga alikuwa Mama Ignatio, hakuwa na jina jingine.

"Sista, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa, mzee," alisema, na neno lile, mzee badala ya baba, likamtoka kwa shida.

"Nina mkamwana wangu anafanya kazi humu. Mtu wa heshima sana." Alipumzika kuvuta pumzi. "Asije akanikuta hivi."

"Hatakuja. Leo hayuko zamu."

"Basi fanya kazi yako, Sista."

Akafumba macho, akayafumba kabisa, mpaka mikunjo ikajitokeza kwenye kope. Walburga akamwogesha. Alimwosha mgongo, kwapa, mapaja, akambadilishia shuka, mkono mmoja wenye glavu, na ule mtupu ukagusa bega lake la mifupa. Alipomaliza alikwenda kusimama kwenye bomba la kunawia, akanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hakuelewa. Hewa ikipungua kichwani mtu hupotea. Alikwisha kuitwa mama na vibabu, alikwisha kuulizwa habari za mbuzi waliochinjwa enzi za Mjerumani. Huenda mzee hakumtambua kweli. Au alimtambua tangu alipoingia mlangoni, akamtafutia njia ya kupita. Uso wake haukusema lolote.

* * *

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kukabidhiana, alimweleza Jacqueline. Walikuwa wanakunywa chai ya rangi kwenye kijichumba cha dawa, mlango wazi ili waone vitanda.

"Unajisumbua," Jacqueline alisema. "Mimi wakishafika huku siwaangalii usoni. Naangalia dripu, naangalia mkojo, naandika. Kufa ni kwao, kazi ni yangu. Ukianza kuuliza huyu anajua nini, huyu anaogopa nini, mwaka hauishi umelala hapo kitanda cha tatu."

"Anayekufa lazima mtu amtazame usoni."

"Kwa nini?"

"Ili asife kama kitu." Walburga aligeuza kikombe. "Na ni lazima aambiwe. Mimi huwaambia ndugu, na mgonjwa akiniuliza namwambia. Tunawadanganya halafu wanakufa wakituangalia."

"Haya. Na huyu wako umemwambia?"

Walburga alikiweka kikombe chini. Mkamwana atamwambiaje baba mkwe kuwa anakufa? Atasimama mlango upi? Msimamo wake wote wa miaka, aliokuwa akiwasomea manesi wapya kama katekisimu, ulikuwa mzuri kwa baba za watu wengine.

Lakini mzee aliuliza mwenyewe. Aliuliza siku hiyohiyo, akiogeshwa, macho yamefumbwa.

"Sista. Napona?"

Beseni lilikuwa magotini mwake. Alijisikia akijibu kwa sauti yake ya kazini. "Moyo umechoka sana, mzee. Dawa inapunguza maji, lakini moyo wenyewe hairudishi."

"Ndivyo nilivyodhani." Akaoshwa miguu yote miwili kwanza. "Mwanangu anataka kunipeleka hospitali kubwa Songea. Atauza kahawa ikiwa bado mtini. Mimi sitaki. Nataka kitanda changu, mlango uwe wazi, nizione ngoro zangu. Mahindi yamefikia wapi sasa?"

"Yanatoa mbelewele, mzee."

"Mvua ya juzi haikuvunja matuta?"

"Haikuvunja."

Alijibu bila kufikiri, na baadaye ndipo akashtuka. Sista wa hapahapa mjini angejuaje kama ngoro za mtu wa Kitura, mashimo yale ya kulimia mteremkoni yaliyozungukwa na matuta, zimehimili mvua? Mzee hakushangaa. Labda kwa sababu alijua anamuuliza nani. Au labda kwa sababu aliyepotea hashangai kitu.

"Mwambie mwanao mwenyewe," Walburga akasema.

"Nimemwambia. Anasema nimechanganyikiwa."

* * *

Hyasinti alikuwa kwenye baraza ya nje, walikojipanga ndugu wa wagonjwa na sufuria zao. Pembeni yake alikaa baba yake mdogo, Placidi, mtu mkimya, amefunika magoti kwa kofia.

"Nimeshaongea na Bwanali," Hyasinti alisema mkewe alipofika. "Atachukua kahawa ya mteremko wote wa juu. Magoma, najua, usinitazame hivyo. Ushirika umelala, nani mwingine mwenye pesa mkononi mwezi huu? Anatoa na gari."

Magoma ni kuuza kahawa ikiwa ingali kijani mtini, kwa bei anayotaka mwenye pesa, na msimu ukifika unavuna mali ya mwenzio. Walburga alijua nyumba zilizolala njaa kwa ajili hiyo.

"Baba hataki kwenda," alisema.

"Baba hajui anachotaka."

"Songea watampa sindano hizihizi, Hyasinti."

"Wewe unasema hivyo kama nesi au kama mke wangu?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, alikuwa anataka kujua kweli. "Maana daktari nikimuuliza ananiambia muulize mkeo. Nikikuuliza wewe unaniambia mngoje daktari. Nikimrudisha Kitura akafa, watu watasemaje? Mke nesi, mgonjwa karudishwa kufa kama kuku wa kideri. Watasema tulibania kahawa."

Walburga hakujua anasema kama nani. Kwa daktari alikuwa ndugu wa mgonjwa, kwa ndugu alikuwa hospitali, na katikati hapo palikuwa na mtu aliyechoka miguu.

"Halafu akili zimekwenda," Hyasinti aliendelea. "Leo nimemuuliza nani kakulisha uji. Ananiambia ni Sista mmoja mwema, mtu wa hapahapa. Nani alikuwa zamu?"

"Mimi."

"Unaona. Mkamwana wake wa miaka yote hamjui."

Placidi aliinua uso, akamtazama Walburga kwa muda, kisha akarudi kwenye kofia yake. Walburga angeweza kusema: huenda ananijua. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba mzee, macho yanaona na akili ipo, alikubali kuvuliwa nguo na mkamwana wake. Ungekuwa mwisho wa heshima yake, na yeye ndiye angekuwa ameiuza, pale barazani, mbele ya sufuria za watu. Akarudi ndani.

* * *

Daktari Masoudi, mtu wa pwani aliyehamishiwa Mbinga na ambaye hakuacha kulalamikia baridi, aliwaita wote asubuhi kabla gari la Bwanali halijafika.

"Jambo lenyewe ni jepesi," alisema. "Mgonjwa akiwa na akili timamu, neno ni lake. Akisema nyumbani, ni nyumbani, siwezi kumfunga kamba. Kama akili hazipo, neno ni la mwanawe. Sista Walburga, wewe ndiye unayekaa naye. Unasemaje?"

Hyasinti alimtazama. Placidi alimtazama.

"Sijui, daktari," Walburga alisema. Katika chumba kile hakuwahi kulisema neno hilo.

"Basi tumuulize mwenyewe."

Wakaingia, wakazunguka kitanda cha dirishani. Mzee Othmar alikuwa macho, midomo imekuwa ya buluu kidogo. Daktari aliinama. "Mzee, shikamoo. Huyu ni nani?"

"Hyasinti. Mwanangu."

"Na huyu?"

"Placidi, mdogo wangu. Ana panga langu tangu mwaka juzi."

Placidi alicheka kidogo, akapangusa pua.

"Vizuri. Na huyu hapa?" Daktari akamwonyesha Walburga.

Mzee aligeuza kichwa polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Walburga machoni, na alimtazama mpaka yeye akatamani sakafu ipasuke. Walburga alijua jibu moja lingempeleka mzee nyumbani. Aliomba aliseme, na aliomba asiliseme.

"Huyo," mzee alisema, "ni Sista."

"Sista nani? Humjui kwingine?"

"Ni Sista tu."

Hyasinti alishusha pumzi ndefu ya huzuni. Daktari alinyooka, akaanza kusema habari za Songea, za mtungi wa safarini, za nani atasindikiza. Walburga hakuyasikia vizuri. Aliona kwamba mzee anapakiwa kwenye gari la Bwanali kwa sababu ya kumstahi yeye; au anapakiwa kwa sababu akili kweli zimekwenda; na kwamba yeye, anayejua kuyasoma macho ya wanaokufa kama wengine wanavyosoma saa, hajui ni lipi.

Akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya kabati. Kwenye droo palikuwa na khanga yake ya kurudia nyumbani. Akajifunga juu ya sare, akajitanda mabega. Wote wakamwangalia. Alitoka nje ya mlango, akageuka, akapiga magoti kwenye saruji ya ukumbini, macho chini.

"Hodi," akasema. "Shikamoo, baba."

Kisha sauti ya mzee, iliyokwisha lakini yenye mpangilio wake uleule wa nyumbani, ikatoka kule dirishani. Alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Marahaba, Mama Ignatio. Umefika salama?"

"Salama, baba."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Usihangaike kuingia. Huku natunzwa vizuri. Yupo Sista mmoja."

Kikohozi kikamshika. Hakuna aliyesogea, kwa sababu anayepaswa kusogea alikuwa amepiga magoti nje.

"Mbona sielewi," Daktari Masoudi alisema. "Sasa hivi si kasema hamjui?"

"Hakusema hamjui," Placidi alisema. Alikuwa amevaa kofia yake, ameivuta mpaka machoni. "Alisema ni Sista, na aliyekuwa hapo alikuwa Sista. Mkamwana wake ndiyo kwanza anafika. Daktari, kaka yangu ana akili kutuzidi sote humu. Mpe ruhusa yake."

Daktari bado hakuelewa, lakini alitoa ruhusa. Hyasinti alitoka kwenda kumwambia dereva wa Bwanali arudi. Alipopita mlangoni alimtazama mkewe pale chini, na Walburga hakuweza kujua kama ni hasira, au aibu, au shukrani.

Wala yeye mwenyewe hakuwa na raha. Alikwisha kuona watu waliopotea kabisa, wasiojua mchana na usiku, ukiwaanzishia Salamu Maria wanaimalizia bila kukosea. Salamu ya mkamwana nayo ilikuwa imesemwa katika nyumba ile mara nyingi kuliko sala. Huenda yaliyoitikia ni mazoea tu.

* * *

Walimlaza chumbani kwake Kitura, mlango wazi, na ng'ambo ya bonde ngoro zikaonekana, mashimo kwa mashimo mpaka juu, mahindi yakitikisika. Siku ya kwanza alikunywa uji na kuuliza habari za panga lake. Siku ya pili alasiri manyunyu yalianza, na pumzi zake zikabadilika.

Walburga alizisikia akiwa jikoni. Zilikwenda, zikasimama, zikaanza tena kwa haraka. Aliacha kupeta unga. Huko ndani Hyasinti na Placidi ndio waliokuwa wanamwogesha. Alisikia beseni likigonga kitanda, maji yakimwagika, Placidi akisema shika huku, Hyasinti akisema nimeshika. Alijua mto umekaa vibaya, kwa mlio tu. Alijua midomo imekauka. Na kutoka jikoni hadi kitanda kile palikuwa mbali kuliko Mbinga na Kitura.

Alimwita mumewe kwenye mlango wa jiko. "Mwinueni zaidi. Na mlowanishe midomo kwa pamba, kidogokidogo, msimmiminie."

Hyasinti akaenda. Punde akasikia mzee akipaliwa, kumbe walimmiminia. Majirani wawili waliokuwa wakichambua maharage pale jikoni walijifanya hawakusikia. Walburga alikaa juu ya kinu kilicholala, mikono imebanwa mapajani, akalia kwa hasira. Ni yeye aliyemleta hapa. Stendi angekuwa pembeni yake.

Hyasinti akarudi. Mikono yake ilikuwa imelowa, na alisimama akiangalia moto.

"Anaita," akasema.

"Ananiita mimi?"

"Anamwita Sista. Baba Mdogo amemwambia Sista yuko Mbinga, hospitali. Anasema hapana, yumo humu ndani, mwiteni." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Amechanganyikiwa, si ndiyo?"

Alikuwa akiulizwa tena, na safari hii Walburga aliona kwamba hana haja ya kujua. Aliinuka. Sare yake ilikuwa kwenye mfuko wa safari, haijafuliwa, ingali inanuka dawa ya kudekia wodi. Akaenda nyuma ya jiko, akavua gauni, akaivaa chini ya manyunyu, akafunga vifungo vyote na mkanda, akabandika kofia nyeupe juu ya nywele zenye unga. Wale majirani waliinamia maharage yao mpaka alipopita.

Hyasinti alikuwa mlangoni kwa baba yake. Alimwona anakuja, akasogea pembeni, mgongo ukutani, kama wanavyosogea ndugu wa mgonjwa kumpisha anayekuja kufanya kazi yake, na macho yakiwa chini.

"Karibu, Sista," akasema.

Akaingia, akaketi kitandani.